Macho Hushiba, Akili Je?

Makumbusho ya sayansi ya Exploratorium, yaliyofunguliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1969 na Frank Oppenheimer, humpa mtoto ruhusa ya kushika na kujaribu. Hilo ni jema. Kasoro ni ya mzazi: mtoto hubonyeza hiki akakimbilia kile, naye ameketi akingoja jioni. Macho hushiba, akili hubaki na njaa.

Qurani Tukufu yatuamrisha kutafakari, na kutafakari huanza kwa kuuliza. Ibnul-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliichunguza nuru kwa chumba cha giza karibu miaka 1000 iliyopita. Nawe ziba dirisha mchana, acha tundu dogo: mnazi wa nje utaonekana ukutani kichwa chini. Nuru ya kilele hushuka, ya shina hupanda, zikapishana tunduni. Lakini usimwambie mwanao upesi. Muulize, kisha usubiri.