Ufundi wa Kutosoma Kila Kitu

Ukiwa Lemara, Arusha, na laptopu ya kawaida na bando la kutosha, unaweza kupakua rekodi za protoni zilizogongana chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tangu Novemba 2014 watafiti wa CMS, moja ya majaribio makubwa ya CERN, wamekuwa wakiziweka hadharani. Faili dogo la matukio 100,000 yenye chembe za myuoni mbilimbili linatosha kuanzia: unakokotoa tungamo la kila jozi, unachora, na vilele vinajitokeza. Kimoja kiko karibu na GeV 3.1, hiyo ni chembe iitwayo J/psi. Kingine karibu na 91, hiyo ni Z.

Nyuma ya faili hilo kuna kazi kubwa. Ndani ya LHC, kigonganishi cha CERN, mafungu ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna ghala la kubeba matukio yote, kwa hiyo mitambo huamua ndani ya mikrosekunde chache yapi yabaki, kisha kompyuta huchuja tena mpaka yabaki matukio elfu moja hivi kwa sekunde. Kilichotupwa hakirudi.

Kinachonivutia zaidi huja baada ya hapo. Katikati ya miaka ya 1990, René Brun na Fons Rademakers walianzisha ROOT, programu inayohifadhi data kwa safu wima: nishati zote pamoja, pembe zote pamoja. Mwenye duka anayetaka kujua sukari aliyouza mwezi mzima hufurahi daftari likiwa na ukurasa wa sukari peke yake, asipekue deni la kila mteja. Ndivyo ilivyo hapa: anayetafuta myuoni hagusi kabisa safu za elektroni. Tena, namba za aina moja zikikaa pamoja hubanwa vizuri, faili likapungua.

Siku hizi ROOT ina RDataFrame. Unaandika unachotaka: chuja hivi, kokotoa vile, chora hiki na kile. Hakuna kinachosomwa mpaka udai mchoro, na michoro yote hutoka kwa kuzipitia data mara moja tu. Subira hiyo ni uzuri mtupu!

Data zenyewe za LHC zimetawanywa kwenye vituo vya kompyuta takriban 170, katika nchi zaidi ya 40, na kwa kawaida kazi ndiyo hupelekwa data ziliko. ROOT ni ya bure. Mistari ya msimbo uliyoijaribu Lemara inaweza, kwa marekebisho machache, kugawanywa kwenye mashine nyingi kwa pamoja.