Themostati Iliyong'olewa: Kosa Moja katika Ufufuaji wa Peugeot 504

Themostati ya Peugeot 504 ni kipande kinachoenea kiganjani. Hukaa katika njia ya maji yanayotoka kwenye hedi kwenda kwenye rejeta, na kazi yake ni kuyazuia maji hayo ndani ya injini mpaka yapate moto wa kutosha. Ndani yake mna nta. Joto likifika karibu nyuzi 82 za Selsiasi, nta huyeyuka na kutanuka, ikasukuma pini, na kilango kikafunguka. Maji yakipoa, springi hukirudisha. Katika Pijo 504 stesheni ya mwaka 1978 iliyofufuliwa uani kwa mwenyewe mjini Iringa, kipande hiki kiling'olewa siku ileile injini ilipowashwa kwa mara ya kwanza, na hakikurudishwa. Uamuzi huo ulikuwa kosa, tena kosa lililoivunjia heshima kazi ya zaidi ya mwaka mzima.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Sakafu iliyooza ilikatwa na kuchomelewa bati jipya, haikufunikwa kwa puti kama gereji nyingi zinavyofanya siku hizi. Puti juu ya kutu haivuki masika mawili kabla rangi haijaanza kuvimba. Breki, springi nne za nyuma na nyaya za umeme zilifanywa sawasawa.

Injini nayo ilishughulikiwa na mtu anayeijua. Ni ile ya lita mbili, sentimita za ujazo 1971, pistoni za milimita 88 na mwendo wa milimita 81, bloku ya chuma na hedi ya alumini. Slivu zake ni za maji: kila moja imesimama ikizungukwa na maji pande zote, imekalia gasketi nyembamba chini, na kinachoikandamiza isiinuke ni hedi peke yake. Hedi ikishatoka, mtu akizungusha krenkishafti bila kuzibana slivu kwanza, huinuka kidogo, gasketi ya chini hukatika, na maji huteremkia kwenye oili. Pijo nyingi zimekufa kwa uzembe huo. Hapa slivu zilibanwa kwa bolti na washa pana tangu hedi ilipotoka, na kimo cha kila slivu juu ya bloku kikapimwa kabla ya gasketi mpya kuwekwa. Fundi aliyefanya hayo ndiye, siku chache baadaye, aliyeng'oa themostati.

Mambo yalikwenda hivi. Gari lilisimama uani, boneti wazi, injini ikinguruma taratibu. Baada ya dakika kama ishirini mshale wa joto ulivuka katikati na kuendelea kupanda kuelekea alama nyekundu. Injini ikazimwa, ikaachwa ipoe. Hakuna kilichopimwa. Kifuniko cha themostati kilifunguliwa, themostati ikatolewa ikatupwa kwenye kopo la vyuma chakavu, kifuniko kikafungwa kwa gundi ya silikoni. Injini ilipowashwa tena, mshale ulibaki chini kabisa kwa robo saa. Jaribio likakatizwa hapo, na gari likahesabiwa limepona.

Swali lililopaswa kuulizwa uani pale ni moja: kwa nini gari lililosimama lipate moto kiasi hicho? Likiwa barabarani, rejeta hupata upepo wa mwendo. Likisimama, upepo wote hutoka kwenye feni, na feni ya 504 haizunguki muda wote. Peugeot waliiwekea klachi ya sumaku ya umeme, utaratibu walioutumia pia kwenye 404: maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme kwenye sumaku, sumaku huishika feni, feni huzunguka, yakipoa, feni huachiwa. Umeme huo hufika kwenye sumaku kupitia kaboni ndogo inayosugua pete inayozunguka. Kaboni ya gari hili ilikuwa imekwisha. Feni haikushika hata mara moja tangu injini iwashwe, na mtu yeyote aliyesimama mbele ya boneti angeliona hilo kwa macho. Rejeta pia ilirudishwa ilivyo, bila kuzibuliwa, katika gari ambalo kila bolti ilisafishwa kwa brashi ya waya.

Basi themostati iliadhibiwa kwa kosa la kaboni. Kuondolewa kwake kulichelewesha tu moto: maji yote, karibu lita 8, yalianza kuzunguka yakiwa baridi tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo yalihitaji muda mrefu zaidi kufika pale yalipofika mwanzo. Robo saa ya jaribio haikutosha kuonyesha hivyo.

Tabia hii imeenea kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na kila mara hutetewa kwa hoja ileile: themostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu joto lipo. Hoja hiyo haina msingi. Joto la hewa Dar es Salaam ni nyuzi thelathini na kitu. Injini imeundwa ifanye kazi maji yakiwa zaidi ya nyuzi 80. Baina ya namba hizo mbili pana pengo la nyuzi karibu hamsini, na mwenye kazi ya kulilinda pengo hilo ni themostati. Pistoni, ringi na slivu zimepimwa zikae sawa zikiwa za moto. Injini ikibaki baridi, petroli kutoka kwenye kabureta haigeuki mvuke vizuri. Sehemu yake huganda kwenye kuta za slivu, huosha oili iliyopaswa kuzilainisha, kisha hushuka kwenye sampu. Unyevu unaotokana na kuungua kwa petroli nao haukauki, hujichanganya na oili na kuwa utelezi wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili. Mwenye gari huuona utelezi huo akadhani gasketi ya hedi imekufa, na hedi hufunguliwa bure.

Iringa ndipo hoja ya joto inapoanguka kabisa. Asubuhi za Juni na Julai huko watu huvaa makoti. Gari linaloendeshwa kilomita tatu kwenda sokoni na kurudi, bila themostati, halipati moto wake hata siku moja. Slivu zilizopimwa kwa uangalifu mkubwa zilianza maisha yao mapya zikioshwa kwa petroli.

Upande wa pili ni Kitonga. Gari likitoka Morogoro na kuupanda mlima ule kwa gia ya pili nyuma ya malori, mwendo ni mdogo, mzigo ni mkubwa, upepo wa mbele ni haba. Hapo feni ndiyo tegemeo, na feni ilikuwa bado haishiki. Gari lilichemsha kabla ya kufika Ilula. Wanaoamini kwamba kung'oa themostati huzuia kuchemsha walipata jibu lao katika kona zile. Tena pana jambo lisilosemwa sana: themostati, hata ikiwa wazi kabisa, huyabana maji kidogo, na kubana huko huongeza presha ndani ya bloku na hedi. Presha huchelewesha maji kuchemka karibu na valvu za egzosti, mahali pa moto kuliko pote. Kizuizi kikiondolewa, mapovu ya mvuke huanza hapo mapema, na hedi ya alumini haisamehi: hupinda. Kwenye miinuko hali huzidi kuwa mbaya, kwa sababu katika mita 1,500 juu ya bahari maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100.

Peugeot hizi zilijijengea jina Afrika Mashariki katika mazingira magumu kuliko haya. Nick Nowicki alishinda Safari Rally kwa 404 mwaka 1963 na tena 1968. Katikati, 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda mfululizo kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504, mikononi mwa Ove Andersson. Baadaye stesheni zilibeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, zikipanda milima zimejaa hadi mlangoni. Mafundi wa enzi ile walikuwa na spea chache na vitabu vichache, lakini walijua kwamba feni ya Pijo hutazamwa kwanza. Ujuzi huo umepotea haraka kuliko magari yenyewe, na hasara yake ni kubwa kuliko ya spea.

Marekebisho yake ni madogo. Kaboni mpya huwekwa, na klachi ya feni hujaribiwa kwa waya kutoka kwenye betri: ikipata umeme lazima ishike. Kuikaza feni kwa bolti ili izunguke daima, dawa nyingine ya gereji, hula nguvu ya injini na kuichelewesha kupata moto. Rejeta huzibuliwa. Themostati mpya hupimwa kabla ya kufungwa: huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, pamoja na kipimajoto, ianze kufunguka karibu na nyuzi 82 na iwe wazi kabisa nyuzi kumi na kitu baadaye. Isiyofunguka hutupwa, na isiyofunga hutupwa vilevile.

Themostati iliyofaulu hufungwa kwa gasketi ya karatasi, si kwa silikoni, kwa sababu vipande vya silikoni hukatika na kuziba mirija ya rejeta. Maji yaliyochanganywa na kulanti hujazwa polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa na bomba la hita likiwa wazi, mpaka hewa iliyonaswa kwenye hedi itoke yote. Injini huwashwa na kuachwa mpaka feni ishike na kuachia angalau mara mbili, mshale ukisimama katikati. Ikishapoa kabisa, kifuniko cha rejeta hufunguliwa na maji yaliyopungua hujazwa tena.