Mkonjo Mkononi mwa Mtu wa Ofisini

Mtu mwenye mshahara Kilindoni hana haja ya kwenda mwambani kutafuta pweza. Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Mafia. Una ofisi za halmashauri, hospitali, benki, kiwanja cha ndege, na soko ambako pweza hufika akiwa amekwisha kufa, kuoshwa na kutungwa. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Iringa, mhasibu aliyekulia Kariakoo, muuguzi aliyesomea Mwanza, wote wanaweza kula pweza wa nazi kila Ijumaa bila kulowesha kifundo cha mguu. Kwa nini basi mtu wa namna hiyo aazime mkonjo, ile fimbo ya kuvulia pweza, avae viatu vya plastiki na kwenda kuinama juani saa mbili nzima, arudi pengine na pweza mmoja, pengine mikono mitupu? Jibu jepesi ni kwamba anatafuta mapumziko, na kwa baadhi ndivyo ilivyo. Jibu hilo halinitoshi. Mapumziko yanapatikana barazani kwa bao na kahawa, tena kivulini. Naona ufundi huu unampa mtu wa mjini kile ambacho fedha yake imemnyima: kumjua anayemla, alipoishi na alivyokufa, na kumjua kiasi kwamba ujuzi wenyewe unaanza kumwekea mipaka.

Hoja hii ina ndugu zake mbali. Marekani, hasa katika miaka ya karne hii, wako watu wa mijini ambao baba zao hawakuwahi kushika bunduki lakini wao wamejifunza kuwinda kulungu. Wanasema kwamba mla nyama anayeshindwa kukitazama kifo cha mnyama wake anakula kwa kujificha. Ni hoja nzuri, ila huko ina mgongo wa kuegemea: kulungu wamezidi, wanakula mashamba na miche ya misitu, wanagongwa na magari barabarani, na serikali za majimbo zenyewe hutoa vibali ili wapungue. Kwetu bara, anayetaka kumwinda swala anakutana na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, leseni, silaha na gharama, na ni sawa iwe hivyo. Mnyama ambaye mtu wa Mafia anaweza kumfuata kwa miguu yake, kwa macho yake na kwa fimbo iliyochongwa ncha ni pweza. Naye hajazidi. Kwa hiyo mwindaji wa Kilindoni hawezi kuazima utetezi wa Mmarekani wote. Itambidi autafute wake.

Utetezi huo umo ndani ya kazi yenyewe, kwanza katika saa zake. Pweza wa miamba yetu, ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea, hutafuta chakula chake mchana, na mwamba haufunuki vizuri ila siku chache za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Katika mwambao huu maji ya bamvua hufika chini kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ni saa za ofisi. Mwajiriwa basi hana uhuru wa kwenda atakapo. Hungoja bamvua iangukie Jumamosi au Jumapili, na upepo wa kusi usiwe umetibua maji. Yakiingia maji mafu, yasiyopwa sana, mlango umefungwa, uwe na cheo usiwe nacho. Kilindoni yenyewe inatazama magharibi, kwenye mfereji unaoitenga Mafia na delta ya Rufiji, na upande huo maji huwa na tope. Miamba mizuri iko kusini na mashariki: Bwejuu, Jibondo, Juani, Ghuba ya Chole. Ni safari ya mashua, au ya barabara hadi Utende kisha mashua. Mtu aliyezoea duka lisilofungwa anajikuta amepangiwa siku, saa na mahali na mwezi ulio angani, na hapo tayari amefundishwa jambo ambalo soko halifundishi.

Halafu yako macho. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na hawakuwa wakimsifu bure. Pweza hana gamba wala mwiba. Silaha yake ni kutoonekana. Hubadili rangi na umbile la ngozi mara moja, akawa jiwe, akawa mwani, akawa kivuli. Asiyejua hupita juu yake. Anayejua hamtafuti pweza, hutafuta dalili za maisha yake: magamba ya kaa na makombe matupu yaliyotupwa mlangoni, vijiwe vilivyovutwa pamoja kuziba tundu, mchanga uliosafishwa upya mahali ambapo wimbi lisingeweza kuusafisha peke yake. Huangalia kama makombe yale bado yanang'aa au yameota ukungu wa kijani, maana mlango wenye takataka za zamani ni wa nyumba iliyohamwa. Kisha mkonjo unaingizwa taratibu, si kwa kuchoma bali kwa kuuliza. Pweza aliyemo huushika. Uzito ule wa kushikwa kutoka gizani, wazee wa mwambani hudai wanaweza kuutofautisha na uzito wa jiwe au wa mkunga, na asiyeutofautisha hujifunza siku mkunga atakapomuuma. Akitoka, kinachobaki ni kumpindua kichwa, yaani ule mfuko wa mwili tunaouita kichwa, kwa mkupuo mmoja. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya sekunde chache. Kwa mkono wa mgeni ni aibu na mateso, ndiyo maana mgeni hapaswi kwenda peke yake.

Ujuzi wa namna hii una matunda, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Pweza huishi muda mfupi, takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua upesi mno. Jike hutaga mara moja tu maishani mwake. Hujifungia tunduni, huzungushia mlango mawe, huyalinda mayai na kuyapulizia maji, hali kitu, na yakianguliwa hufa. Aliyesimama mbele ya tundu lililozibwa hivyo, akajua maana ya mawe yale, ana uamuzi wa kufanya ambao mnunuzi hajawahi kuwekewa mbele: kumtoa jike aliyekonda ambaye nyama yake si nzuri na ambaye ameketi juu ya maelfu ya mayai, au kuondoka. Sisemi kwamba kila mvuvi huondoka. Nasema kwamba uamuzi huo unapatikana pale tu, na kwa mtu anayejua kusoma mlango. Ukimkuta pweza mezani kwa muuzaji, mlango wake umekwisha kupotea.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa vijiji vyenyewe. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi michache ili pweza wakue, na walipoifungua walivua pweza wazito zaidi. Wazo hilo lilivuka bahari. Kisiwa Panza huko Pemba na Songosongo huko Kilwa walilifuata. Kufunga mwamba si jambo gumu kulieleza kwa mtu aliyekwenda mwambani, kwa sababu ameona kwa macho tofauti kati ya pweza wa mwezi huu na wa miezi miwili ijayo. Kwa mtu ambaye pweza kwake ni supu ya jioni pembeni ya barabara jijini Dar es Salaam, inayouzwa pamoja na ahadi za nguvu za kiume ambazo sijaona ushahidi wake, mwamba uliofungwa ni habari ya bei kupanda tu. Na soko la leo haliishii Dar es Salaam. Pweza wa mwambao huu husafirishwa akiwa ameganda hadi Ulaya ya kusini. Walaji wanazidi kuwa mbali na tundu. Mtu wa ofisini anayelikaribia, hata mara chache kwa mwaka, anakwenda kinyume na mkondo huo.

Mpinzani mwenye nguvu atasema: huyo mwenye mshahara anakwenda kuchukua chakula cha asiye na mshahara. Mwamba wa kutembea kwa miguu ni shamba la wasio na chombo, wanawake wengi na wazee wakiwemo, na pweza mmoja wa kilo mbili ni unga, sukari na daftari la mtoto. Hoja hii siwezi kuipuuza, na sehemu yake naikubali moja kwa moja. Ikiwa watumishi mia moja wa Kilindoni wataamua kwenda mwambani bamvua moja, sifa zote nilizozitoa zitakuwa upuuzi. Mtu wa mjini ana haki ya mwanafunzi, hana haki ya mvuvi. Aende na mwenyeji na amlipe kwa siku yake, asiuze anachopata, aombe ruhusa kwa kijiji na kwa BMU yake, yaani kikundi cha wenyeji cha kusimamia uvuvi, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 baada ya miaka ya baruti na yenye maeneo yaliyogawanywa kwa matumizi mbalimbali, afuate masharti yaliyowekwa kwa asiye mkazi. Kwa masharti hayo mwenyeji hapotezi pweza. Anauza ujuzi wake, ambao kwa kawaida hakuna anayemlipa. Mtu atauliza: je, si rahisi zaidi kumnunulia pweza wake tu? Ni rahisi, na anunue pia. Ila fedha ya pweza inalipa nyama, na kesho kutwa itamlipa yeyote mwenye nyama, hata aliyemtoa kwa kuvunja matumbawe kwa nondo.

Pingamizi la kukanyaga matumbawe ni la kweli na jibu lake ni la kiufundi: anayejua hukanyaga mchanga na mwamba mfu, hutumia mkonjo wa mti, na jiwe alilolipindua hulirudisha lilivyokuwa, ili vilivyoshikamana chini yake visife juani. Asiyetaka kujifunza hayo abaki barazani. Pingamizi la mwisho ni zito zaidi. Pweza ana akili. Ana mioyo mitatu, sehemu kubwa ya mishipa yake ya fahamu imo mikononi, hutatua mafumbo, na Uingereza mwaka 2022 ilimtaja katika sheria miongoni mwa viumbe wenye hisia. Kumuua kiumbe wa namna hiyo kwa sababu ya kujifunza, je, si ukatili uliovishwa joho la elimu? Kwa anayekataa kumla kabisa sina la kumwambia. Amemaliza hesabu yake. Lakini anayemla hawezi kutumia hoja hiyo dhidi ya mwindaji. Anayenunua hakuua, ila aliagiza. Pweza wa sokoni naye alikuwa na mioyo mitatu, na yawezekana alikufa taratibu zaidi, ndani ya kapu, juani, kwa kuwa mvuvi mwenye haraka ya kuwahi maji hakuwa na nafasi ya kumpindua vizuri. Akili ya pweza inadai kifo cha haraka na idadi ndogo, na yote mawili yanategemea mkono wa mtu anayejua alifanyalo.

Tazama basi mtu huyu wa ofisini anaporudi sokoni Kilindoni wiki ya maji mafu, akiwa mnunuzi kama wengine. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zimekataza pweza wa chini ya gramu 500, lakini afisa uvuvi ni mmoja na meza ni nyingi. Mteja wa kawaida akioneshwa vipweza vidogo vitano vilivyotungwa pamoja huuliza bei. Huyu huvishika, hupima kwa kiganja, na hujua kwamba kila kimoja kilihitaji wiki chache tu zaidi ili kipite uzito huo. Anaweza kumuuliza muuzaji vimetoka mwamba gani, na muuzaji, akisikia swali limetoka kwa mtu anayeijua Jibondo na Bwejuu kwa miguu, hatajibu ovyo. Anaweza kuviacha mezani na kununua changu. Kesho yake muuzaji yule atakapomwambia mvuvi kwamba vidogo havikununuliwa, habari hiyo itafika mwambani kabla ya bamvua ijayo.