Uzuri Uko Chini

Mtwara, kazi ya korosho huanza na majani. Bibo likishaiva huanguka lenyewe, korosho ikiwa bado imening'inia kitakoni mwake. Mwokotaji asipoiona, inalala kwenye majani yenye unyevu mpaka inaharibika. Kwa hiyo, kabla ya mavuno ya Oktoba, chini ya mikorosho hupaliliwa kwa jembe, hufyekwa kwa mkono, na wenye uwezo hupitisha slasha inayofungwa nyuma ya trekta.

Dukani slasha zote zinameremeta. Wahenga walituonya kuhusu uzuri wa mkakasi, lakini mimi onyo lao nililisikia kwa hasara. Slasha yangu ya kwanza niliichagua kwa rangi na bei. Msimu haujaisha, bati lake la juu likapasuka pembeni mwa giaboksi, na kila nilipolichomelea likapasuka jirani yake.

Kununua ya pili nilikwenda na fundi mmoja wa Masasi, mzee wa maneno machache. Bei hakuiuliza. Aliomba mashine inyanyuliwe na kukalishwa juu ya magogo, akatandika gunia, akalala chali. Kisha akaanza kugonga kwa spana, huku akisikiliza. Bati jembamba hulia kama debe, na mlio wake hukawia. Chuma cha milimita tano au sita hujibu mara moja na kunyamaza. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono unaoshika kitako cha giaboksi. "Hapa wamedonoadonoa tu, mwanangu," akasema, akahamia nyingine. Mtikisiko wote wa mashine hukusanyika hapo. Mshono wa hapo unatakiwa uende mfululizo, bila pengo.

Upana aliupima kwa hatua za kiatu: slasha ipite kidogo nyayo za matairi ya nyuma, ili isiache majani kwenye mapito ya tairi.

Mwisho akashika kisu, akakisukuma kwa kiganja. Kikarudi nyuma bila ubishi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Tabasamu lile lina maana yake. Shafti ya PTO, inayotoa nguvu ya trekta kwenda kwenye slasha, huzunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi huizidisha kasi hiyo kabla haijafika kwenye visu. Kisu kikikutana na kisiki katika kasi hiyo, lazima kiwe na pa kukimbilia. Ndiyo maana visu vya slasha njema huning'inizwa kwenye bolti nene: mzunguko huvinyoosha, kisiki huvikunja, navyo hujinyoosha tena. Katikati ya visu hivyo kuna sahani ya mviringo inayopanda kisiki na kuteleza. Na kwenye shafti kuna bolti moja laini, iliyowekwa makusudi ikatike, giaboksi ipone. Wapo wanaoichomoa na kuweka ngumu ili wasisumbuke. Siku ya kisiki, bolti hubaki nzima na giaboksi huvunjika meno.

Nikiwa nimechutama kando ya mzee yule, nilielewa kwamba aliyeunda mashine ile alikifikiria kisiki changu kabla mimi sijakiona. Hajawahi kufika shambani kwangu, lakini aliniwekea akiba ya siku mbaya, akaificha mahali ambapo mnunuzi mwenye haraka hapaangalii. Ufundi huo wa kutengeneza ni heshima kwa mtu usiyemjua. Na ufundi wa kuchagua ni kuipokea heshima hiyo ipasavyo, hata kama lazima ulale vumbini.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya kazi, mimi hutandika gunia. Hukagua mshono, hutia grisi, hupima uzito wa visu viwili, kimoja dhidi ya kingine, kwa kuwa kisu kizito kuliko mwenzake hula beringi. Baadaye korosho zinapoanza kudondoka, naziona kutoka mbali, zimetulia juu ya mchanga mtupu.