Hesabu ya Siku Moja Kisiwani

Machi 27, 2024, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walishuka kutembelea kisiwa cha São Tomé kwa ziara waliyojipangia wenyewe, nayo ikachelewa kurudi. Walinzi wa pwani wakawapakia kwenye boti na kuwafikisha hadi ubavuni mwa meli, ambayo ilikuwa bado imetia nanga. Hawakuruhusiwa kupanda. Pasipoti zao ziliachwa kwa wakala wa meli, nao ikawabidi kupita nchi kadhaa hadi Dakar, Senegal, ndipo wakaipata safari yao tena mwanzoni mwa Aprili.

Wengi walimlaumu nahodha. Lakini kisa hicho kinaonyesha jinsi siku ya nchi kavu inavyopangwa: haihesabiwi tangu abiria anaposhuka, inahesabiwa kinyumenyume tangu saa ya kuondoka. Rubani wa bandari ameshaagizwa, gati au nafasi ya nanga imelipiwa, na bandari inayofuata inasubiri. Kila anayeshuka hupitisha kadi yake kwenye mashine mlangoni, hivyo meli hujua kila dakika nani yuko nje. Kwa kawaida abiria hutakiwa wawe ndani angalau nusu saa kabla ya ngazi kuinuliwa.

Ziara inayouzwa ndani ya meli ina dhamana: basi lake likikwama, meli husubiri, au kampuni hugharamia kuwafikisha waliochelewa bandari ya mbele. Anayejipangia mwenyewe hana dhamana hiyo. Kwa hiyo mwongoza watalii wa mtaani, hata akiijua nchi kuliko wote, anashindana na hofu kabla hajashindana na bei.

Unguja ni mahali pazuri pa kuipima hesabu hii. Chukua meli inayofunga gati Malindi saa 1 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni. Kwenye karatasi, hizo ni saa kumi. Lakini kwanza maofisa wa afya na Uhamiaji wanapanda, karatasi zinakaguliwa, foleni inajipanga ngazini. Saa moja na nusu imekwenda. Jioni, mwongozaji makini hurudisha watu wake saa 9:30, ili akiba ya saa nzima ibaki kabla ya mwisho wa kupanda. Zilizobaki ni saa saba. Meli ikilala nje kwa nanga, abiria huletwa pwani kwa boti za uokoaji, kundi baada ya kundi, na saa hizo hupungua zaidi.

Hapo ndipo bahati ya Mji Mkongwe inapoonekana. Lango la bandari liko mjini kabisa. Mtu akitoka kwa miguu anafika Forodhani, Ngome Kongwe, soko la Darajani, na kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hakuna dakika inayoliwa na barabara. Mashamba ya viungo ya Kizimbani yanaingia vizuri ndani ya nusu siku. Msitu wa Jozani, kilomita 35 hivi kutoka mjini, unawezekana kwa kosta inayotoka mapema. Nungwi, kaskazini kabisa mwa kisiwa, inawezekana pia, ila aliyeifuata kwa ajili ya bahari atatumia saa nyingi barabarani.

Changuu ina saa yake ya pili, nayo ni ya maji. Kisiwa hicho, maarufu kwa kobe wakubwa ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, kiko kama nusu saa kwa boti. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Yakipwa sana, boti husimama mbali na wageni hutembea majini. Yakijaa, fungu la mchanga la Nakupenda lililo jirani humezwa lote. Nahodha wa boti anayeijua kalenda ya mwezi hupanga fungu kwanza kisha kobe, au kobe kwanza kisha fungu, na uamuzi huo ndio unaoiokoa siku. Ni ujuzi wa kitaalamu hasa, na unastahili kulipwa hivyo.

Kampuni za meli zimeielewa thamani ya saa hizi kitambo. Tangu mwaka 1977 kampuni ya Norwegian imekuwa ikishusha abiria wake Great Stirrup Cay, kisiwa chake yenyewe huko Bahama, ambako mgeni halipi nauli ya teksi wala hakutani na papasi anayewinda watalii, na fedha nyingi anayotumia hubaki na kampuni.

Sasa iweke hesabu hiyo Tanga. Bandari yake imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13 na ina gati la mita 450. Sehemu ya meli nyingi kubwa za abiria iliyo chini ya maji haizidi mita 9 hivi. Iwapo moja itafunga gati hapo kwa saa zilezile, mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na kisiwa cha Toten kilicho ndani ya ghuba vyote vinaingia katika saa saba. Lakini mahali pa mbali zaidi kama Misima, wilayani Handeni, hapaingii. Kutoka Tanga kupitia Segera na Korogwe ni zaidi ya kilomita 120, yaani kosta itakula saa tano au sita kwenda na kurudi, na mgeni atapata muda wa kunywa dafu na kugeuza.

Kwa hiyo anayeiahidi Misima watalii wa meli anawadanganya watu wake. Kinachowezekana ni safari ya upande mwingine: mahindi, mihogo, vikapu na wapiga ngoma wa Kizigua wanaweza kuteremka Tanga siku moja kabla, kwani wao hawabanwi na ngazi ya meli. Wanachohitaji ni tarehe. Ratiba za meli hizi hutangazwa mwaka mmoja au miwili mapema, muda unaotosha Misima kupanda mahindi na kuvuna zaidi ya mara moja.