Kopo la Viluwiluwi

Mtafiti wa malaria anayeijua kazi ya kueleza haanzi mkutano wa kijiji kwa takwimu. Anaanza na kopo. Handeni, penye shida ya maji, maji ya kopo hilo huchotwa lamboni, kwa hiyo kila mtu anayajua maji hayo. Anawaita watoto mbele watazame ndani. Viluwiluwi waliolala sambamba na uso wa maji ni Anofelesi, waeneza malaria. Wanaoning'inia vichwa chini ni Kyuleksi, ambao huku Tanga wametuachia matende na mabusha. Watoto wanaanza kushindana kuwatambua, na wazee waliojifanya hawana habari wanasogea.

Watu wa huku wametobolewa vidole sana na watafiti. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina maabara Korogwe, na Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 vya majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Lakini habari za mumiani, wanyonya damu, ni za zamani kuliko maabara yoyote, na swali halikosi: "Mwanangu, hii damu yetu mnaiuza wapi?"

Asiye fundi wa kueleza hucheka, au hukasirika. Fundi hutoa hadubini. "Shikamoo bibi. Damu yenyewe ni tone kama hili, karibu utazame."

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Anayechungulia mara ya kwanza huona kope zake mwenyewe. Fundi hamharakishi wala hamuulizi "umeona?" Anazungusha kirekebishi kidogo, ananyamaza, anasubiri, hata foleni ikinung'unika. Kisha bibi mwenyewe anataja kipete cha buluu chenye kidoto chekundu. Hicho ndicho kimelea.

Takwimu huja baadaye, nazo huchezwa. Watoto 10 wanasimama, wanane wananyoosha mikono: hivyo ndivyo vimelea vilivyoenea kwa watoto na vijana wa kijiji kimoja cha bondeni Korogwe mwaka 2003. Mikono inashuka, unabaki mmoja: mwaka 2008. Ripoti ya kurasa 40 haiwezi kushindana na mkono huo.

Nawe msomaji, siku ukiletewa fomu ya utafiti utie sahihi, usione haya. Omba uonyeshwe tone lako kwanza.