Weusi wa Herufi

Kijana akileta faili la kitabu kwenye kiwanda kimoja kidogo cha uchapaji huko Kariakoo, Dar es Salaam, mzee anayekagua kurasa haanzi na picha wala jalada. Anaanza na herufi. Anafungua kidirisha kinachotenganisha rangi, anazima nyeusi, anatazama. Maandishi yakitoweka yote, anaendelea. Kikibaki kivuli hata cha neno moja, faili linarudi kwa mwenyewe.

Kwenye skrini nyeusi ni moja. Kwenye karatasi ziko nyingi, na kuzitofautisha ni ufundi usioonekana mpaka ukosekane.

Mashine ya ofseti huchapa rangi nne, yaani sayani, majenta, njano na nyeusi, kila moja kwa pleti yake. Herufi ndogo ikiundwa kwa rangi zote nne, pleti zote sharti ziangukie mahali pamoja kabisa. Lakini karatasi hunywa unyevu na kutanuka. Pleti moja ikihama sehemu ya kumi tu ya milimita, herufi inaota ukingo wa waridi upande huu na wa samawati upande ule, na msomaji anachoka macho asijue kinachomchosha. Ndiyo maana fundi aliyefunzwa huipa herufi wino mweusi peke yake, asilimia 100, kisha huuagiza upite juu ya rangi iliyo chini yake badala ya kuitoboa. Bila agizo hilo, kuhama kidogo kwa pleti kunaacha mstari mweupe kandokando ya kila neno.

Jalada ni habari nyingine. Eneo kubwa likipewa wino mweusi mtupu hutoka limepauka, kama buibui lililofuliwa miaka mingi. Hapo huongezwa, kwa mfano, sayani 60, majenta 40 na njano 40, na weusi unapata kina. Jumla yake ni asilimia 240, kiasi ambacho karatasi ya gazeti inakibeba kwa shida. Karatasi laini inayong'aa huvumilia hadi 300 hivi. Wageni wa kazi hii huvutwa zaidi na rangi iliyowekwa kwenye programu kwa ajili ya alama za kulinganishia pleti tu. Machoni ni nyeusi safi. Kumbe ni 100 ya kila pleti, jumla 400! Wino huo hauwahi kukauka, na karatasi zikirundikwa, kila moja inachafua mgongo wa ile iliyo juu yake.

Programu ya kupanga kurasa, PageMaker, ilipotoka mwaka 1985, ikafuatwa na QuarkXPress mwaka 1987 na InDesign mwaka 1999, kazi za watu wengi zilihamia kwenye meza moja: mpanga herufi, mpiga picha wa kutenganisha rangi kwa vichujio, mkata filamu. Kazi zilihama. Ujuzi wao haukuhama wote.

Leo mabango, kadi za harusi, hata vitabu vya watoto vinasanifiwa kwa nyekundu, kijani na buluu za mwanga wa skrini, vikatumwa usiku kwa simu vichapwe asubuhi. Programu huzigeuza rangi hizo yenyewe dakika ya mwisho, na katika kuzigeuza hugawa weusi wa skrini kwa wino zote nne. Kitabu kizima, kila nukta na kila mkato, kinapoteza ukali wake kwa mbofyo mmoja. Anayejua angeligundua kosa hilo kabla chai yake haijapoa.

Enzi za filamu, ukurasa ulilazwa juu ya meza ya kioo yenye taa, na mpangaji, fundi wa pleti na mara nyingine mhariri mwenyewe wakaukagua kwa lenzi kabla pleti haijachomwa. Sasa pleti hutoka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kituo hicho cha ukaguzi kimeondoka, na katika viwanda vingi hakuna kilichowekwa mahali pake. Kosa linaonekana kwa mara ya kwanza karatasi ikiwa tayari imechapwa, na mteja amesimama mlangoni akisubiri mzigo.